Neno Lililopangwa Kabla: Ishara za Hatari kutoka Ngoma hadi Setilaiti

Siku hizi mtu anayekwenda mahali pasipo na mtandao wa simu anaweza kubeba kifaa kidogo, kinachoenea kiganjani, kinachowasiliana moja kwa moja na setilaiti. Hana haja ya kuandika barua ndefu. Kabla hajatoka nyumbani amekwisha kutunga maneno yake mawili matatu na kuyahifadhi humo: nimeanza safari, nimefika salama, nimechelewa lakini sina shida. Akiwa porini au ziwani anabonyeza tu. Upande wa pili huenda asiwepo rafiki anayesoma, bali huduma ya usalama ambayo kompyuta yake inalipokea neno lile kama amri. "Nimeanza" linafungua saa ya kuhesabu. "Nimefika" linaifunga. Saa ikiisha bila neno lolote, kengele inalia na mtu wa zamu anaanza kupiga simu. Kitufe cha SOS kimewekwa peke yake chini ya kifuniko, kisije kikabonyezwa mfukoni kwa bahati mbaya.

Wengi wakikiona kifaa hiki hudhani ni jambo lililozaliwa juzi. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba kipya humo ni setilaiti tu. Desturi ya kupatana maneno machache mapema, ili wakati wa hatari mtu asihangaike kutafuta la kusema, ni ya zamani sana, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano yake. Mifano hiyo inatuonyesha pia jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalitaji sana. Neno lililopangwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni msikilizaji aliyekubali mapema kukaa macho, na mwenye chombo cha kuendea.

Nianze na ngoma. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938 na kuishi Yakusu, karibu na mji unaoitwa Kisangani leo, alijifunza ngoma za mti za Walokele na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu yake. Wazungu waliomtangulia walidhani ngoma ile ilikuwa na alama za siri kama zile za simu ya Morse. Carrington alieleza kwamba sivyo. Lugha ya Walokele ina toni, na ngoma ina sauti mbili, ya juu na ya chini. Mpigaji anafuata toni za maneno yenyewe. Tatizo ni kwamba maneno mengi yana toni zilezile. Ndiyo sababu mpigaji hataji mwezi kwa neno moja, bali anapiga kifungu kizima cha maneno kinachoueleza mwezi, kifungu ambacho kila mtu wa kijiji cha jirani amekwisha kukijua tangu utotoni. Tusikidharau kifungu hicho kwa urefu wake. Kilikuwa kimetungwa kabla, kimekubaliwa, na kilivuka mto na msitu bila kuchanganyikiwa na kingine. Mpigaji hakubuni kitu usiku ule wa hatari. Alichagua.

Ngoma zetu za Burundi ni za namna nyingine. Ngoma ya kifalme, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha yake ya urithi mwaka 2014, haikuwa chombo cha kupashana habari za kila siku. Katika Kirundi neno *ingoma* lina maana ya ngoma na ya utawala pia. Lakini hata hapa kulikuwa na amri ndani ya sauti. Ngoma zilipolia katika sherehe ya Umuganuro, watu walijua kwamba wakati wa kupanda mtama umefunguliwa, na hapakuwa na haja ya mjumbe kueleza zaidi. Wanahistoria wa mawasiliano wangeweza kuanzia hapo badala ya kuanzia kwa Marconi, ila ndivyo vitabu vilivyo.

Kwa Marconi tutafika, maana simu ya upepo ndiyo iliyozaa neno SOS. Mwanzoni mwa mwaka 1904 kampuni yake iliwaagiza wafanyakazi wake watumie herufi CQD chombo kinapokuwa hatarini: CQ ilikuwa wito kwa vituo vyote, na D iliongezwa kwa ajili ya hatari. Wajerumani walikuwa na alama yao, nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, na mkutano wa Berlin wa Novemba 1906 uliichukua hiyo kuwa ya mataifa. Ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Julai 1908. Watu husema SOS ni kifupi cha maneno fulani ya Kiingereza kuhusu roho au meli, si kweli. Ilichaguliwa kwa sababu sikio linaitambua hata katikati ya kelele.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli ya Titanic ilituma zote mbili, CQD na SOS. Neno lilikuwepo, mashine ilikuwepo, na mtumaji alikuwa hodari. Lakini meli Californian, iliyokuwa karibu kuliko ile iliyokuja kuokoa, haikusikia, kwa kuwa mtu wake wa simu, mmoja tu, alikuwa amezima mashine na kwenda kulala. Carpathia ilisikia kwa bahati: mtu wake wa simu, Harold Cottam, naye alikuwa akijiandaa kulala lakini alikuwa hajavua vidude vya masikioni. Watu 700 na kitu waliookolewa wanadaiwa na dakika zile chache. Mataifa yalipokutana London na kutia sahihi mkataba wa usalama wa maisha baharini, tarehe 20 Januari 1914, jambo moja kubwa waliloweka lilihusu sikio: meli kubwa zinazosafirisha watu ziwe na mtu anayesikiliza usiku na mchana. Ujumbe wenyewe haukubadilishwa hata herufi moja.

Miaka hiyohiyo minara ya simu ya upepo ilikuwa imefika Afrika Mashariki ya Wajerumani: Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Thamani yake tunaijua kwa namna adui alivyoichukia. Mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria na kuushambulia mji wa Bukoba, na shabaha yao kuu ilikuwa kituo hicho cha simu ya upepo, ambacho walikibomoa.

Sasa turudi katika ziwa letu. Mwaka 1915 Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, bado ilikuwa kituo cha Wajerumani, na ziwa lote lilikuwa mikononi mwao. Walikuwa na meli ndogo Kingani, nyingine kubwa kidogo Hedwig von Wissmann, na ile kubwa Graf von Götzen, iliyoletwa kutoka Papenburg kwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma. Wasichokijua ni kwamba Waingereza, chini ya Geoffrey Spicer-Simson, walikuwa wamezikokota boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kwa reli, kwa matrekta na kwa mito, toka Afrika Kusini hadi upande wa Kongo, karibu na mahali panapoitwa Kalemie leo. Tarehe 26 Disemba 1915 Kingani ilikaribia pwani ile kupeleleza. Ilishambuliwa, nahodha wake akauawa, na meli ikatekwa. Waingereza waliitengeneza, wakaipa jina Fifi, na kuitumia wao.

Kigoma hawakupata habari. Meli haikurudi, basi. Labda ilipigwa na mizinga ya nchi kavu, labda ilipata ajali, kila mtu alikuwa na lake. Siku 45 zikapita. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikaenda pwani ileile, ikakutana na Mimi na Fifi, ikazamishwa. Kesho yake ilionekana Graf von Götzen yenyewe, ikipita taratibu, ikimtafuta mwenzake. Iliponea kwa sababu Spicer-Simson alikataa kutoka kwenda kupigana nayo.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kwa kawaida kinasimuliwa kama kichekesho cha Waingereza wenye boti zenye majina ya kitoto. Mimi nakisoma kama historia ya kimya. Meli tatu zilikwenda moja baada ya nyingine mahali palepale pa hatari, kwa kuwa ile ya kwanza haikuweza kurusha hata neno moja, na kwa kuwa Kigoma walikuwa hawajapatana maana ya ukimya wenyewe. Kimya ni ujumbe pia, lakini nacho kinahitaji kupangwa. Ukisema kabla ya safari, "nisiporudi kufikia Jumanne, jueni kwamba pale pana adui," kimya chako kitasema. Usiposema, kila mtu atakisoma anavyopenda. Ndiyo maana ile saa ya kuhesabu katika huduma za leo naiona kuwa uvumbuzi mkubwa kuliko kitufe cha SOS: inafanya kazi hata kama aliyebeba kifaa amekwisha kufa maji. (Niseme pia kwamba katika masimulizi haya maofisa wana majina, na mabaharia Waafrika waliokuwemo melini mara nyingi hutajwa kwa idadi tu.) Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaja kuibuliwa, na tangu mwaka 1927 inajulikana kwa jina la Liemba.

Kutoka hapo naruka hadi mwaka 1972, kwa sababu katikati ni masimulizi ya redio kuwa nzuri zaidi na zaidi. Mwezi Oktoba mwaka huo ndege ndogo iliyowabeba wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, ilipotea Alaska. Walitafutwa siku 39, wasipatikane. Baada ya hapo Marekani ilisisitiza ndege ziwe na kifaa kinachotoa ishara yenyewe zikianguka, kisha likaja swali lilelile la Titanic: nani anasikiliza milimani? Jibu lilikuwa kuweka sikio angani. Marekani, Kanada, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti, katikati ya vita baridi, zilipatana mwaka 1979 kujenga mtandao wa Cospas-Sarsat. Setilaiti ya kwanza, ya Wasovieti, ilirushwa Juni 1982. Tarehe 10 Septemba mwaka huohuo ilisaidia kuwapata watu watatu walioanguka na ndege huko Kanada. Makumi ya maelfu ya watu wameokolewa kwa njia hiyo tangu wakati huo.

Kinachotumwa na kifaa cha Cospas-Sarsat katika megahezi 406 ni kifupi kuliko SOS ya mtu wa Morse. Kinadumu nusu sekunde hivi na kurudiwa kila baada ya sekunde kama 50. Ndani yake mna namba ya kifaa na namba ya nchi. Burundi ina namba yake, 609. Kwa hiyo hata nchi yetu isiyo na bahari imo katika orodha. Ishara inashuka kwenye kituo cha ardhini, inakwenda kituo cha udhibiti, kisha inapelekwa kwa nchi husika. Meli kubwa, kwa upande wao, ziliongezewa redio yenye orodha ya misiba iliyoandikwa tayari: moto, maji yanaingia, mgongano, chombo kimekwama, chombo kinalala upande, kinazama, kinaelea bila nguvu, tunakihama, maharamia, mtu kaanguka majini. Nahodha anachagua msiba wake kwa kidole. Utaratibu huo ulikamilika duniani tarehe 1 Februari 1999 na kumstaafisha mtu wa Morse.

Lakini sheria hizo ziliandikwa kwa ajili ya meli kubwa za safari za kimataifa. Maziwa yetu yalibaki pembeni, na gharama yake ilionekana tarehe 21 Mei 1996, pale MV Bukoba ilipopinduka ikiwa safarini kutoka Bukoba kwenda Mwanza, na Mwanza haikuwa mbali tena. Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800. Meli ilipinduka ikabaki ikielea, tumbo juu, na ndani mlikuwa na watu hai. Walikuwa wakigonga bati. Hakuna ujumbe wa hatari ulio wazi kuliko ule, na waliokuwa juu walisikia. Walichokosa ni ujuzi na vifaa vya kuujibu. Walitoboa bati ili kuwatoa watu, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, nayo ikazama na waliomo. Kila ninapokumbuka kisa hiki naona aibu kusema kwamba tatizo la Afrika ni kukosa teknolojia ya kutuma.

Yaliyofuata yanaelekeza hukohuko. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu 228, waliofika mapema kuokoa walikuwa wenyeji na mitumbwi yao. Ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, ndege yenye redio zote za kisasa, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alijulikana Tanzania nzima. Watu 24 walitoka hai. Kwenye orodha rasmi ya vyombo vya uokoaji mitumbwi ile haikuwemo.

Huku kwetu wavuvi wa ndagala na mukeke wanafanya kazi usiku, kwa taa. Ukisimama ufukweni Bujumbura usiku usio na mwezi utaziona zimejipanga kama mji mwingine juu ya maji. Mvuvi mmoja wa makamo, wa upande wa Rumonge, alinieleza kwamba kundi lao wana mapatano yao: taa ikizimwa na kuwashwa mara tatu, aliye jirani anakunja wavu na kwenda. Simu wanazo, wamezifunga ndani ya mifuko ya nailoni, lakini wakishasogea sana ndani mtandao unakatika, au simu inashika mnara wa nchi ya jirani na salio halifanyi kazi. Nilimwonyesha kwenye simu yangu picha ya kifaa cha setilaiti. Hakuuliza bei kwanza. Aliuliza, ukibonyeza, anayekuja ni nani.

Swali lake lina jibu, lakini halifurahishi. Ukibonyeza SOS kwenye kifaa cha inReach, chenye kutumia setilaiti 66 za Iridium, ujumbe unafika kituo kilichoko Texas, Marekani. Mtu wa zamu huko anakesha kweli, na ana orodha ya namba za waokoaji wa nchi mbalimbali. Kisha lazima apige simu upande huu, na mlolongo wote, pamoja na setilaiti zake, unaishia kwenye simu moja ya mezani au ya mkononi ambayo inabidi mtu aipokee saa tisa usiku, tena mwenye boti yenye mafuta. Ziwa lenye urefu wa kilomita 673 ni la nchi nne. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa pamoja wa kulitunza mwaka 2003, na mamlaka ya mkataba huo ina makao yake hapahapa Bujumbura. Nchi zilizoweza kukubaliana kuhusu samaki na uchafu zinaweza kukubaliana nani apokee simu. Kwa Ziwa Victoria, Benki ya Maendeleo ya Afrika imefadhili mradi wa mawasiliano ambao umelenga kuwa na kituo cha kuratibu uokoaji Mwanza. Ni mwanzo ambao sisi tungeweza kuuiga bila aibu.

Bei nayo haifichiki. Kifaa kimoja ni dola mia tatu au mia nne, mbali na ada ya kila mwezi, na hakuna mvuvi wa mtumbwi atakayekinunua peke yake. Ila kundi la mitumbwi linalokwenda pamoja linaweza kuwa na kimoja. Na hapa ndipo ujumbe uliopangwa kabla unapokuwa na faida kuliko SOS yenyewe, maana SOS inakwenda Texas lakini maneno uliyoyatunga mwenyewe unayapeleka kwa unayemtaka: kwa simu ya mwenyekiti wa mwalo, kwa mwenye boti ya injini, kwa kituo cha jeshi la maji. Tena unayatunga kwa lugha yako, Kirundi au Kiswahili, na kompyuta au mtu wa upande wa pili anajua tangu mchana kwamba neno fulani maana yake ni boti itoke.

Nilimwomba yule mvuvi achague maneno yake matatu, kama yeye ndiye angekuwa na kifaa. La kwanza alilitoa haraka: injini imekufa. La pili: tunaingia maji. La tatu nilitaka kumsaidia, nikapendekeza "tumefika salama". Alitikisa kichwa, akasema wakifika mwaloni wanaonekana kwa macho. Neno analolihitaji yeye ni la ule usiku ambapo upepo wa kusini unawasukuma hadi upande wa pili, wanalala pwani ya Kongo siku mbili wakingoja ziwa litulie, na nyumbani watu wamekwisha kutandika mkeka wa matanga. Tuko ng'ambo, tu wazima.